Mali ya Yatima Mjini Baltimore: Uchambuzi wa Kisa cha Ryan W.

Kumbukumbu za mahakama zinamtaja kwa jina la kwanza na herufi moja: Ryan W. Kesi za watoto katika jimbo la Maryland haziandikwi majina kamili, na kwa hilo sina ugomvi nao. Aliondolewa kwa wazazi wake akiwa mdogo, mahakama ikamkabidhi kwa idara ya ustawi wa jamii ya jiji la Baltimore, na miaka ikapita akiwa mikononi mwa idara. Katika miaka hiyo wazazi wake wakafariki, baba na mama.

Idara ikafanya jambo ambalo idara za aina yake zilikuwa zikilifanya karibu kote Marekani. Ilikwenda Social Security, hifadhi ya jamii ya serikali kuu ya Marekani, ikajaza fomu, ikaomba mafao ya urithi ya yatima yule yalipwe kupitia kwake. Ombi likakubaliwa. Fedha zikawa zinaingia kila mwezi, nayo idara ikawa inazipeleka moja kwa moja kufidia gharama za kumlea. Ryan hakuambiwa. Wakili wake hakuambiwa, na wakili alikuwepo, maana Maryland kila mtoto aliyewekwa chini ya serikali kwa sababu hizi hupewa wakili wake mwenyewe. Jambo lilipokuja kujulikana, dola elfu 30 na ushei zilikuwa zimekwisha kuingia na kutoka kwa jina lake bila yeye kuzisikia hata kwa mbali.

Hapo ndipo kesi ilipoanzia, na iliishia mwaka 2013 katika mahakama ya juu kabisa ya jimbo. Hukumu yake nimeisoma zaidi ya mara moja, kwanza kwa sababu inagusa kazi niliyoifanya, halafu kwa sababu mtu aliyekulia pwani akisikia "fedha za yatima" na "hakuambiwa" kwa pumzi moja, masikio yanamsimama.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu maneno. Ninaposema malezi ya kambo nafuata matumizi ya sheria ya mtoto ya Tanzania: mtoto anatolewa kwao kwa amri ya mamlaka, analelewa na mtu au nyumba iliyoidhinishwa, na haasiliwi. Mama wa kambo wa kwenye hadithi, yule wa kumtuma mtoto kisimani usiku, hahusiki hapa.

Tuanze na fedha zenyewe. Mtu anayefanya kazi Marekani hukatwa asilimia 6.2 ya mshahara wake kwa ajili ya Social Security, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Akifariki akiwa ametimiza masharti, mtoto wake aliye chini ya miaka 18, au 19 kama bado yuko sekondari, analipwa kila mwezi. Kwa kawaida kiwango ni asilimia 75 ya mafao ya msingi ambayo marehemu angestahili. Ni kitu kilekile ambacho mwanachama wa NSSF pale Dar es Salaam anawaachia wategemezi wake. Hayapimwi kwa umaskini: mtoto wa daktari aliyefiwa anapata, mtoto wa dereva wa lori anapata. Ni jasho la marehemu lililokatwa wiki baada ya wiki, na kwa watoto wengi wa malezi ya kambo ndiyo mirathi pekee iliyobaki. Nyumba hakuna, shamba hakuna, picha za ukutani zilipotea siku ya kuhamishwa.

Mbali na hayo kuna SSI, malipo ya watu wenye ulemavu na kipato kidogo. Hayo yanapimwa kwa umaskini, na mpokeaji akionekana ana akiba ya zaidi ya dola 2,000 anaweza kuyapoteza. Nitayarudia, kwa sababu yanavuruga hesabu.

Mtoto hakabidhiwi hundi. Social Security humteua mtu wa kupokea kwa niaba yake, na kanuni zina foleni ya upendeleo. Mbele wapo wazazi au mlezi wa kisheria, wanafuata ndugu na watu wanaoonyesha kumjali mtoto, na mwisho kabisa wa foleni ndipo inaposimama taasisi au idara ya ustawi. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye karatasi. Kiutendaji idara inafika ya kwanza dirishani kwa sababu yenyewe ndiyo yenye faili. Namba ya mtoto inayo, cheti cha kuzaliwa inacho, taarifa ya kifo imeipata, na fomu ya maombi, SSA-11, ina karani wa kuijaza. Shangazi wa mtoto, hata kama anampenda kama mboni ya jicho, hajui kwamba kuna mafao, na hakuna anayempigia simu.

Aliyeteuliwa naye ana masharti. Fedha zitumike kwa mahitaji ya sasa ya mtoto: chakula, malazi, mavazi, matibabu, na vile vitu vidogo vya kumfariji. Kinachobaki kiwekwe akiba kwa jina la mtoto. Ukisoma haraka unaona ni mfumo mzuri. Tatizo liko kwenye neno "malazi". Mtoto wa malezi ya kambo analala bure. Kitanda, chakula na posho ya mlezi vinalipwa na serikali, ndiyo maana ya serikali kumchukua. Weka watoto wawili katika chumba kimoja, mmoja mzazi wake yuko hai gerezani, mwingine amefiwa. Wa kwanza halipi hata senti. Wa pili, kwa kuwa baba yake alikufa akiwa na michango kamili, analipia kitanda chake kwa mafao ya baba yake. Chakula chao ni kilekile. Tofauti ni kwamba mmoja ni yatima.

Hoja hiyo ilikwisha kufika Washington mapema zaidi, na ilishindwa. Kesi inaitwa Keffeler, na iliamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani tarehe 25 Februari 2003. Ilitoka jimbo la Washington, kule upande wa Pasifiki, ambako mvulana aliyefiwa na mama, bibi yake akiwa msimamizi wa mali yake, alisimama kwa niaba yake na ya watoto wengine wa hali yake dhidi ya idara ya jimbo. Mwaka 1999 jimbo hilo lilikuwa na watoto zaidi ya 10,000 katika malezi ya kambo, na kwa zaidi ya 1,400 kati yao idara ndiyo iliyokuwa mpokeaji wa mafao. Mahakama ya juu ya jimbo iliwapa watoto ushindi. Majaji wa Washington D.C. wakautengua, wote 9 kwa kauli moja.

Watoto walitegemea kifungu cha sheria ya Social Security kinachokinga mafao yasiguswe kwa kukazia hukumu, kukamata mali, kuzuia fedha zilizo kwa mtu wa tatu, "au utaratibu mwingine wa kisheria". Wakasema: idara inajilipa deni kwa mafao yetu, na huo ni utaratibu mwingine wa kisheria. Jaji David Souter, aliyeandika hukumu, akakisoma kifungu kama fundi anayesoma ramani. Maneno ya mwisho, alisema, yanapata maana kutoka kwa yale yaliyotangulia. Yaliyotangulia yote yana mahakama ndani yake, yana amri na dalali. Idara haikwenda na dalali. Iliomba kuteuliwa, ikateuliwa, ikatumia fedha kwa matumizi ambayo kanuni zinayaruhusu. Akaongeza hoja ya kivitendo: idara isipofidiwa haitakuwa na hamu ya kuhangaika kuwaombea watoto mafao, na watoto wengi wataishia kukosa kabisa.

Hoja hii ya pili inanikera kidogo, naomba niseme. Kwa SSI ina uzito, kwa sababu maombi ya ulemavu ni mlima wa vyeti vya madaktari na rufaa juu ya rufaa. Kwa mafao ya urithi ni nyepesi mno. Unahitaji kifo na uzazi uthibitishwe. Kusema kwamba serikali haitajaza fomu ya yatima mpaka ipate fungu lake ni kukiri jambo ambalo mlezi wa kawaida angeona haya kulikiri. Lakini hukumu ni hukumu, na tangu siku ile mlango wa kudai kwamba kuchukua fedha ni kosa kwa sheria ya shirikisho ulifungwa kwa komeo.

Sasa Ryan W. alikuwa na nini cha kusema mbele ya mahakama miaka 10 baadaye?

Mawakili wake walisema mambo mengi, na baadhi yalikufa njiani. Mahakama ya watoto ya Baltimore iliona amedhulumiwa na ikaamuru upande wake. Mahakama ya rufaa ya kati ikaitengua amri hiyo mwaka 2012, ikifuata njia ya Keffeler. Kesi ilipopanda ngazi ya mwisho, iliyokuwa ikiitwa Court of Appeals (tangu Desemba 2022 inaitwa Mahakama Kuu ya Maryland, kwa hiyo ukitafuta hukumu usichanganyikiwe na jina), hoja iliyobaki na pumzi ilikuwa ndogo na ya kawaida kabisa: kijana hakuambiwa.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo kisa chote kilipo.

Sheria ya Social Security haikusahau taarifa. Inasema wazi kwamba kabla ya mtu kuteuliwa kupokea mafao ya mwingine, mwenye mafao ajulishwe, apewe nafasi ya kupinga uteuzi huo. Lakini mwenye mafao akiwa hajatimiza miaka 15, au akiwa chini ya 18 na bado yuko chini ya ulezi, taarifa haiendi kwake. Inakwenda kwa mlezi wake wa kisheria au mwakilishi wake wa kisheria. Kwa mtoto anayeishi na shangazi yake ni jambo la busara. Kwa Ryan, mlezi alikuwa nani? Idara. Aliyeomba alikuwa nani? Idara. Basi ichore picha hiyo: barua inatoka ofisi ya Social Security, inafika kwenye kisanduku cha posta cha idara, na inaijulisha idara kwamba idara imeomba fedha za mtoto, na kwamba idara ikiona hilo si sawa ina haki ya kukata rufaa. Karani anaigonga muhuri, anaitia kwenye faili. Sheria imetimizwa, herufi kwa herufi.

Mahakama ya Maryland haikukubali kwamba hiyo ni taarifa. Ilisema mambo mawili, na yote mawili lazima yasomwe pamoja. La kwanza liliumiza: idara ikiwa mpokeaji aliyeteuliwa ina hiari, chini ya sheria ya shirikisho, ya kutumia mafao kufidia gharama za sasa za malezi. Keffeler ilisimama palepale. La pili: haki ya kikatiba ya kutendewa kwa utaratibu wa haki inadai kwamba idara imjulishe mtoto, kupitia wakili wake, kwamba imeomba kuwa mpokeaji wake na kwamba fedha zimeanza kupokelewa. Ikimjulisha, wakili anaweza kwenda Social Security kusema yupo nyanya au kaka mkubwa anayefaa kushika nafasi hiyo, au kwamba kijana huyu anatakiwa kuwekewa akiba kwa sababu mwakani anaanza chuo. Asipojulishwa, haki ya kupinga ni kama kisima kilichofunikwa kwa zege.

Wengi waliisoma hukumu ile kama njia ya adabu ya kumwambia mtoto kwamba ameshindwa. Idara ibaki na ruhusa yake ya kujilipa, mtoto apewe barua. Hata mimi mara ya kwanza niliiona hivyo. Nilibadilisha mawazo nilipoanza kujiuliza kwa nini mbinu hii ilidumu miaka mingi hivyo bila kelele. Profesa Daniel Hatcher wa Chuo Kikuu cha Baltimore alikuwa akiipinga kwa miaka, lakini nje ya duara la mawakili wa watoto nani alijua? Mwaka 2021 uchunguzi wa waandishi wa redio ya umma NPR na wa chombo cha habari The Marshall Project ulionyesha kwamba idara za majimbo yasiyopungua 36 zilikuwa zikifanya hivyo, na vijana wengi waliohojiwa walikuwa wakisikia habari hizo kwa mara ya kwanza. Ukimya ndio uliokuwa mhimili wa mtambo wote. Mtoto anayejua anauliza, wakili anayejua anaandika barua, na mbunge anayeulizwa maswali na wapiga kura wake anatafuta kalamu.

Tuliokaa kwenye mkeka wa madrasa tuna kipimo chetu cha mambo haya. Mlezi wa yatima akiwa na uwezo, ajizuie na mali ya yatima. Akiwa fukara, ale kwa kadiri. Yatima ajaribiwe kadiri anavyokua, na akionekana ana akili ya kutunza, akabidhiwe chake. Na siku ya kukabidhi, wawepo mashahidi. Ukilipima shauri la Baltimore kwa kipimo hicho, swali la kwanza linajijibu: jimbo lenye bajeti ya mabilioni si mlezi fukara. Lakini kinachonivutia zaidi ni hilo la mashahidi. Wazee hawakumwachia mlezi, hata mwema, awe peke yake chumbani na mali ya mtoto. Sheria ya mirathi ya Kenya ina wazo hilohilo kwa vazi jingine: mirathi isiyo na wosia ikiwa na mrithi aliye mtoto, hati ya usimamizi haitolewi kwa mtu mmoja peke yake. Lazima liwepo jicho la pili. Kilichofanywa na mahakama ya Maryland mwaka 2013 ni kumweka wakili wa mtoto mlangoni awe shahidi.

Na shahidi alipowekwa, mambo yakaanza kusogea. Mwaka 2018 bunge la Maryland lilipitisha sheria ambayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake: idara ikiwa mpokeaji, ni lazima iweke akiba sehemu ya mafao kwa ajili ya kijana mwenyewe, na sehemu hiyo inapanda kwa umri. Akiwa na miaka 14 au 15, asilimia isiyopungua 40. Akiwa na 16 au 17, asilimia 80. Kuanzia 18 hadi 20, yote. (Maryland kijana anaweza kubaki katika malezi hadi miaka 21.) Na wakili ajulishwe. Ukitazama ngazi hizo unaona lile wazo la kumjaribu yatima kadiri anavyokua, ingawa sidhani kama kuna mbunge wa Annapolis, makao makuu ya jimbo, aliyekaa kwenye mkeka.

Tuzipigie hesabu, maana asilimia peke yake hazishibishi. Chukua yatima anayelipwa dola 700 kwa mwezi. Kwa miaka miwili ya 14 na 15 anawekewa 280 kwa mwezi, jumla 6,720. Kwa miwili inayofuata 560 kwa mwezi, jumla 13,440. Siku anayotimiza 18 ana dola 20,160. Kwa kijana anayetoka kwenye malezi bila ndugu wa kumpokea, hiyo ni kodi ya chumba, gari kuukuu la kumfikisha kazini, na salio la kumtuliza moyo. Kabla ya 2018 angekuwa na mfuko mweusi wa takataka wenye nguo zake.

Lakini sheria hiyo ina matundu mawili ambayo sioni yakisemwa vya kutosha. La kwanza ni ile asilimia 100. Mafao ya urithi hukoma mtoto akitimiza 18, au 19 akiwa bado sekondari. Kwa hiyo kwa yatima wa kawaida, ngazi ya juu kabisa inaanza wakati fedha zinakauka. Wanaofaidika nayo hasa ni wenye SSI, na hao nao, akiba ikipita dola 2,000 mahali pasipofaa, wanapoteza malipo. Ndiyo maana idara inatakiwa kuwafungulia akaunti maalumu ya watu wenye ulemavu, ile ya ABLE, ambayo hadi dola 100,000 haihesabiwi katika kikomo hicho, au kuweka fedha kwenye amana inayokubalika. Karani akizembea hapo, akiba inageuka kitanzi.

Tundu la pili ni kubwa zaidi: chini ya miaka 14 hakuna kiwango cha chini kinacholazimu. Mtoto aliyefiwa akiwa na miaka 5 anaweza kulipia kitanda chake miaka 9 mizima kabla ya ngazi ya kwanza kumfikia. Arizona ilikwenda mbali zaidi mwaka 2023, ikazuia kabisa idara kujilipa kwa mafao ya watoto, na majimbo na miji mingine imekuwa ikifuata kwa mwendo wake. Ramani inabadilika, na jibu la Baltimore si jibu la Houston.

Jambo moja la sheria ya shirikisho bado linanishangaza. Mwaka 2014 Bunge la Marekani lilitunga sheria inayotaka kijana wa malezi ya kambo aliyefikisha miaka 14 ashirikishwe katika mpango wake, achague watu hadi wawili wa kukaa upande wake kwenye kikao cha mpango huo, na apewe karatasi ya haki zake na kutia saini kwamba ameelezwa. Karatasi inagusa elimu, afya, kutembelewa, kushiriki mahakamani, kupewa nyaraka zake, na usalama. Akitoka akiwa na miaka 18 apewe cheti cha kuzaliwa, kadi ya Social Security, rekodi za matibabu, kitambulisho. Na kila mwaka aonyeshwe ripoti yake ya mikopo, ili kama kuna mtu amekopa kwa jina lake ajue mapema. Ripoti ya mikopo! Kwamba kuna mtu anakopa kwa jina lako, lazima uambiwe. Kwamba kuna mtu anapokea fedha kwa jina lako, orodha ile haitaji.

Nililiona hilo kwa macho. Kwa miaka kadhaa nilifanya zamu ya usiku katika nyumba ya vijana huko Maryland, kazi ambayo Wakenya na Watanzania wengi wa eneo hili wameipitia. Kila kijana alikuwa na faili la pete tatu kabatini. Usiku mmoja kijana wa miaka 17, aliyefiwa na mama akiwa na 11, alileta lake mezani jikoni atafute cheti cha chanjo. Tulipekua pamoja. Karatasi ya haki ilikuwepo, saini yake chini, imeandikwa kwa haraka kama mtu anayepokea kifurushi. Ripoti ya mikopo ilikuwepo, safi, haina deni.

Nikamwuliza kama mama yake alikuwa akifanya kazi. Akasema alikuwa ghalani, zamu ya usiku kama wewe. Nikamwuliza nani anapokea mafao yake. Akanitazama. "Mafao gani?"

Mtu wa zamu ya usiku haruhusiwi kuingilia faili la mtoto, wala mimi si mwanasheria. Lakini kumfundisha kijana swali la kumwuliza wakili wake hakujakatazwa popote. Na ndilo ningemwambia mlezi yeyote anayesoma haya akiwa na mtoto wa kambo nyumbani: mwambie amwulize wakili wake kama kuna mafao yoyote kwa namba yake, nani ameteuliwa kuyapokea, tangu lini, kiasi gani kimewekwa akiba na kiko wapi. Aulize kwa maandishi. Kama yuko ndugu anayeweza kushika nafasi ya mpokeaji, jina lake litajwe, kwa sababu foleni ya upendeleo ipo na idara iko mwishoni mwake. Na kama wewe mlezi ndiye uliyeteuliwa, tunza risiti. Kanuni zinazoibana idara zinakubana na wewe.

Kijana aliyaandika maswali hayo nyuma ya karatasi ya ratiba ya basi. Majibu yalichukua wiki kadhaa. Usiku alioyapata aliniita mezani palepale, akaweka ukurasa mmoja mbele yangu: jina lake, jina la idara kama mpokeaji, safu ya tarehe, safu ya kiasi, na chini salio la akiba, elfu kadhaa, lake. Alikuwa amelizungushia salio kwa kalamu mara mbili. Halafu nikaona kidole chake hakiko kwenye salio. Kilikuwa juu kabisa ya ukurasa, kwenye mwaka aliofiwa, kikishuka taratibu mstari kwa mstari mpaka kwenye siku aliyotimiza miaka 14.

"Na hizi za huku juu?" aliuliza.

Nikamwambia hizo zilikwisha liwa.